Kwa nini anayezalisha chakula ndiye anayelala na njaa, na mlaji ana wajibu gani?

Neema (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Nina swali ambalo halinipi utulivu tangu niliposoma ripoti ya mashirika ya Umoja wa Mataifa kuhusu hali ya chakula duniani. Ripoti hiyo inakadiria kwamba watu wapatao milioni 673 walikabiliwa na njaa mwaka 2024, na kwamba watu wapatao bilioni 2.6 hawakumudu gharama ya mlo kamili. Tarakimu zenyewe zinatisha, lakini kilichonigusa zaidi ni kujua watu hao ni akina nani. Sehemu kubwa yao wanaishi vijijini, na riziki yao ni kulima, kufuga, kuvua samaki au kufanya kibarua katika mashamba ya watu wengine. Walio karibu zaidi na mahali chakula kinapotoka ndio wanaokikosa.

Nilianza kufuatilia asili ya vyakula vya kawaida, kimoja baada ya kingine, na karibu kila nilipofika mwanzo wa safari yake nilikuta mtu anayedhulumiwa. Nilisoma kuhusu watoto wanaopasua matunda ya kakao kwa mapanga Afrika Magharibi, wanaume waliouzwa kwenye meli za uvuvi Asia ya Kusini-Mashariki, wahamiaji wanaochuma nyanya kusini mwa Ulaya na kulala katika vibanda vya maturubai, na wakata miwa wa Amerika ya Kati ambao figo zao zinakufa kabla hawajafikisha umri wa makamo.

Ninaomba kusaidiwa mambo mawili. La kwanza ni kuelewa jinsi mfumo huu unavyofanya kazi, maana sikubali kwamba mamilioni ya watu wanaofanya kazi kutwa nzima wawe maskini kwa bahati mbaya tu. La pili ni kujua mlaji wa kawaida anapaswa kufanya nini: asusie bidhaa hizo, anunue zile zenye nembo ya biashara ya haki, au kuna njia nyingine inayoleta mabadiliko ya kweli? Nitashukuru zaidi kwa majibu ya watu walioyaona mambo haya kwa karibu, hata yakiwa marefu.

Mwanaushirika

Dada Neema, ahsante kwa kuileta mada hii. Nimefanya kazi na vyama vya ushirika vya wakulima kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, kwa hiyo nitazungumzia upande wa mkulima mdogo na kuwaachia wengine upande wa vibarua.

Jambo la kuanzia ni kwamba watu hufa njaa hata pale chakula kinapokuwapo. Mwanauchumi Amartya Sen alilionyesha hilo kwa kuchunguza njaa ya Bengal ya mwaka 1943, iliyoua watu wapatao milioni tatu. Kwa hesabu zake, chakula kilichokuwapo mwaka ule kilikuwa kingi kuliko cha mwaka 1941, mwaka ambao haukuwa na baa la njaa. Waliokufa walikuwa hasa vibarua wa mashambani, wavuvi na mafundi wadogo wa vijijini, kwa sababu bei ya mchele ilipaa kutokana na matumizi ya vita huku ujira wao ukibaki nyuma. Chakula kilipita mbele ya macho yao kikienda kwa wenye uwezo wa kukinunua.

Sasa tazama mwaka mmoja wa mkulima mwenye kieneo kidogo. Huvuna wakati uleule ambao majirani zake wote wanavuna. Siku hizo ndizo bei inapokuwa chini kabisa, na ndizo siku ambazo kila mdai anabisha hodi: aliyemkopesha mbegu na mbolea, aliyemlipia ada ya mtoto, aliyemsaidia mgonjwa alipolazwa. Hana ghala la kuzuia wadudu na unyevu, wala hana benki inayokubali mazao yaliyohifadhiwa kuwa dhamana ya mkopo, hivyo anauza hata sehemu ya chakula alichokusudia kula. Miezi michache baadaye, akiba ikiwa imekwisha na mazao mapya yakiwa bado machanga, anarudi sokoni kununua nafaka ya aina ileile aliyoiuza, kwa bei iliyopanda sana. Fedha ya kununulia anaipata kwa kwenda kulima shamba la mwingine, katika wiki zilezile ambazo shamba lake linahitaji palizi. Palizi ikichelewa mavuno hupungua, na mwaka unaofuata huanza akiwa na deni kubwa zaidi. Nimeona familia zenye bidii isiyo na mfano zikizunguka humo mwaka baada ya mwaka, na huniuma kila ninapomsikia mtu akisema kwamba maskini wa vijijini ni wavivu.

Kwa mazao ya kuuza nje hali ni ngumu zaidi, kwa sababu mkulima hawezi kuyala pale bei inapoanguka. Zaidi ya nusu ya kakao ya dunia hutoka Côte d'Ivoire na Ghana, katika mashamba ya familia yenye hekta chache tu. Tunda hukatwa mtini kwa panga na kupasuliwa kwa mkono, mbegu zenye ute mweupe hurundikwa na kufunikwa kwa majani ya mgomba ili zichachuke kwa takriban wiki moja, kisha huanikwa juani na kugeuzwa tena na tena mpaka zikauke. Kazi yote hiyo inakamilika kabla mnunuzi hajafika, naye anapofika bei imekwisha kuamuliwa kwingine: soko la dunia linapangwa London na New York, na katika nchi hizo mbili serikali hutangaza bei ya mkulima mwanzoni mwa msimu. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba mkulima hubaki na takriban asilimia sita tu ya bei ya chokoleti dukani. Mtu anayepata kiasi hicho hawezi kumlipa kibarua, kwa hiyo hutumia mikono ya watoto. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago uliotolewa mwaka 2020 ulikadiria kwamba watoto milioni 1.56 walikuwa katika ajira ya watoto kwenye kakao katika nchi hizo mbili.

Mwishoni mwa mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilivuka dola 12,000 kwa tani, kiwango ambacho hakikuwa kimewahi kufikiwa. Watu wengi waliona ni neema kwa wakulima, ilhali sehemu kubwa ya mavuno ilikuwa imeuzwa mapema kwa mikataba ya bei ya chini, na kilichoipandisha bei ni magonjwa ya mikakao na hali mbaya ya hewa, yaani hasara ya wakulima haohao.

Wanaokumbuka historia ya kahawa hawatashangaa. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1962 uliipa kila nchi mgawo wa mauzo ili bei isiporomoke. Mgawo ulipovunjika mwaka 1989 bei ilianguka, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 familia nyingi zilikuwa zikiuza kahawa kwa bei isiyorudisha hata gharama ya kuilima. Bei hizi, dada yangu, zinatokana na maamuzi ya watu waliokaa mezani, na mkulima hakuitwa kwenye meza hiyo.

Mkaguzi Mstaafu

Nimeyasoma maelezo ya Ndugu Mwanaushirika na ninayaunga mkono. Mimi nilikuwa mkaguzi wa kazi mpaka nilipostaafu, na nilichokiona zaidi ni maisha ya vibarua.

Chombo cha kwanza cha dhuluma katika shamba kubwa ni mizani. Mchumaji wa chai hulipwa kwa kilo. Majani yakifika kwenye mizani, karani huondoa uzito wa kikapu, kisha huondoa uzito wa maji ikiwa kumenyesha, kisha huondoa sehemu ya kilo inayozidi namba kamili. Kila kato ni dogo, na mchumaji hana mizani yake ya kuhakiki. Yakijumlishwa kwa mwezi mzima, anakuwa amefanya kazi siku kadhaa bila kulipwa chochote. Nilikuwa na desturi ya kuomba kikapu kipimwe kikiwa kitupu mbele ya wafanyakazi wote, na mara nyingi uzito uliokuwa ukikatwa ulizidi uzito wa kikapu chenyewe. Nyuso za wale akina mama walipoiona namba ile nazikumbuka hadi leo, kwa sababu walikuwa wakilijua jambo hilo miaka yote na hakuna aliyewahi kuwaamini.

Malipo ya kipande, yaani kulipwa kwa kiasi cha kazi badala ya kwa siku, ndiyo pia yanayowaingiza watoto shambani. Mama akipangiwa kiwango ambacho hawezi kukifikia peke yake, huja na mwanawe amsaidie, na katika vitabu vya mwajiri mtoto huyo hayupo. Shirika la Kazi Duniani na UNICEF wanakadiria kwamba mwaka 2024 watoto milioni 138 walikuwa katika ajira ya watoto, na kwamba takriban asilimia 61 yao walikuwa katika kilimo. Mkataba namba 182 wa mwaka 1999, unaokataza aina mbaya zaidi za ajira hiyo, umeridhiwa na nchi zote wanachama wa Shirika la Kazi Duniani tangu mwaka 2020. Sheria haikosekani. Kinachokosekana ni mkaguzi mwenye usafiri, mshahara wa kutosha, na mamlaka ya kuingia getini bila kuomba miadi.

Chombo cha pili ni deni. Mhamiaji hukopa ili amlipe wakala aliyemtafutia kazi, hufika akiwa anadaiwa nauli, makazi na chakula, na mara nyingi hati yake ya kusafiria hushikiliwa na mwajiri. Hapo hakuna haja ya kumfunga kamba. Mwaka 2015 waandishi wa shirika la habari la Associated Press waliwakuta huko Benjina, Indonesia, wavuvi wengi wao kutoka Myanmar waliokuwa wakilazimishwa kuvua samaki bila kuruhusiwa kurudi kwao, baadhi yao wakiwa wamefungiwa ndani ya kizimba. Waandishi hao walifuatilia samaki wale mpaka kwenye rafu za maduka ya Marekani, na zaidi ya watu 2,000 waliachiwa huru kutokana na uchunguzi huo. Umoja wa Ulaya, uliokuwa umeipa Thailand onyo rasmi mwaka huohuo kuhusu uvuvi haramu, uliliondoa Januari 2019, na mwezi huohuo Thailand iliridhia mkataba wa kimataifa wa kazi katika uvuvi. Ninalitaja hili kwa sababu linaonyesha kwamba serikali husogea pale soko linapokuwa hatarini kupotea.

Msidhani kwamba haya ni mambo ya nchi maskini tu. Italia ilitunga sheria namba 199 ya mwaka 2016 inayomwadhibu wakala wa vibarua pamoja na mwajiri anayemtumia. Hata hivyo, Juni 2024, karibu na mji wa Latina, mfanyakazi mhamiaji kutoka India alikatwa mkono na mashine shambani, akaachwa mbele ya nyumba yake badala ya kupelekwa hospitali, na baadaye akafariki dunia. Nchini Marekani, sheria ya vyama vya wafanyakazi ya mwaka 1935 na ile ya kima cha chini cha mshahara ya mwaka 1938 ziliwaacha nje vibarua wa mashambani, ambao upande wa kusini wengi wao walikuwa Weusi, na mpaka sasa sheria ya shirikisho haiwapi haki ya malipo ya ziada wanapozidisha saa. Ubaguzi huo uliandikwa kwenye sheria kwa makusudi.

Kuhusu wakata miwa, dada Neema umegusa jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Nchini Nicaragua na El Salvador maelfu ya wanaume wamekufa kwa ugonjwa sugu wa figo ambao hautokani na kisukari wala shinikizo la damu. Ushahidi mwingi unaelekeza kwenye kazi nzito katika joto kali bila maji wala mapumziko. Anayelipwa kwa tani aliyokata hawezi kujipumzisha, kwa sababu kila dakika ya kivulini inapunguza chakula cha watoto wake. Palipowekwa mapumziko ya lazima, kivuli na maji ya kutosha, madhara ya figo yalipungua. Tiba hiyo ni rahisi kiasi kwamba kuinyima ni ukatili.

Hamisi

Ndugu zangu, ninaheshimu sana yaliyoandikwa hapa, lakini kuna upande mmoja haujaguswa. Chakula cha bei nafuu ndicho kinachowaweka hai maskini wa mijini, ambao hutumia zaidi ya nusu ya kipato chao kwa chakula. Bei za vyakula zilipopanda mwaka 2007 na 2008 watu waliandamana katika nchi nyingi, na nchini Haiti waziri mkuu aliondolewa madarakani kwa sababu hiyo. Tukidai kila kibarua alipwe ujira mzuri na kila mkulima apate bei nzuri, gharama hiyo itamfikia nani? Naogopa kwamba tutamwokoa maskini wa shambani kwa kumnyima chakula maskini wa mjini. Ninauliza kwa dhati, kwa sababu mimi mwenyewe nimekulia katika nyumba ambayo kupanda kwa bei kidogo tu kulimaanisha kupunguza mlo mmoja.

Rehema, wakili wa kazi

Kaka Hamisi, hoja yako ni nzito, na mtu anayeipuuza hajawahi kuhesabu fedha ya chakula ikiwa haitoshi. Jibu langu ni kwamba ujira wa kibarua ni sehemu ndogo mno ya bei anayolipa mlaji, kwa hiyo unaweza kuongezwa sana bila bei ya dukani kutikisika. Mfano ulio wazi kuliko yote ninayoijua ni wa wachumaji wa nyanya wa Immokalee, jimbo la Florida nchini Marekani.

Mchumaji wa pale hujaza ndoo yenye uzito wa takriban kilo 14 na nusu, huiinua begani, hukimbia nayo mpaka kwenye lori, na kumrushia mtu aliyesimama juu yake. Kwa ndoo hiyo alikuwa akilipwa takriban senti 50 za dola, na kiwango hicho kilikuwa hakijasogea kwa miaka mingi. Tena wanyapara walidai ndoo ijazwe mpaka ifanye kilima juu ya ukingo, na nyanya za kile kilima hazikulipiwa. Hayo yalikuwa ya kawaida. Yasiyo ya kawaida yalifika mahakamani: kuanzia miaka ya 1990 kesi kadhaa za utumwa ziliendeshwa dhidi ya waajiri na mawakala wa vibarua huko Florida, na zaidi ya wafanyakazi 1,000 walikombolewa, baadhi yao wakiwa wamefungiwa usiku ndani ya gari la mizigo.

Wachumaji hao waliunda umoja wao mwaka 1993 na kwanza wakapambana na wenye mashamba, kwa mgomo na hata kwa kufunga kula. Wakagundua kwamba mwenye shamba naye amebanwa. Bei ya mbegu hapangi yeye, ya dizeli hapangi yeye, na ya nyanya inapangwa na mnunuzi mkubwa anayeagiza kwa wingi na kutishia kwenda kwingine, hivyo gharama pekee anayoweza kuipunguza ni ujira. Wakageuza madai yao kumwelekea mnunuzi. Mwaka 2001 walianzisha mgomo wa kununua dhidi ya kampuni moja ya migahawa, na mwaka 2005 kampuni hiyo ikakubali kulipa senti moja zaidi kwa kila ratili (karibu nusu kilo) ya nyanya. Senti hiyo moja, kama ingelipwa na wanunuzi wote, ingetosha kuongeza malipo ya ndoo kwa zaidi ya nusu, na mlaji anayekula kipande cha nyanya ndani ya mkate asingeiona. Hapo ndipo hofu yako, kaka Hamisi, inapopata jibu.

Senti ile, hata hivyo, haikuwa ushindi mkubwa kuliko yote. Mwaka 2011 ulianza mpango ambao wanunuzi wamefungwa na mkataba wa kisheria: shamba likikutwa na kazi ya kulazimishwa, unyanyasaji wa kingono au wizi wa ujira na likikataa kurekebisha, wanunuzi wote waliosaini hawaruhusiwi kununua kwake. Wafanyakazi hufundishwa haki zao na wafanyakazi wenzao wakiwa ndani ya saa za kazi zinazolipwa. Kuna simu ya malalamiko inayopokelewa saa zote, na wakaguzi huwahoji angalau nusu ya wafanyakazi wa shamba. Kile kilima juu ya ndoo kimepigwa marufuku, kukawekwa vivuli mashambani na saa za kurekodi muda wa kazi. Wanawake waliozoea kunyamaza wakaanza kuwataja wasimamizi waliowashika bila ridhaa, na wasimamizi hao wakafukuzwa kazi.

Neema (mleta mada)

Dada Rehema, Mzee Mkaguzi na nyote mliojibu, nawashukuru kwa kunipa muda wenu. Naomba kurudi kwenye nusu ya pili ya swali langu. Ikiwa mgomo wa kununua ulisaidia Florida, je, nisinunue kabisa chokoleti ili nisichangie ajira ya watoto? Na nembo zilizobandikwa kwenye vifungashio, zina uzito gani?

Rehema, wakili wa kazi

Dada Neema, tofauti ni nani aliyeuita mgomo. Ule wa Florida uliitwa na wafanyakazi wenyewe, wakiwa na dai linalojulikana na mlango wa kumalizia mgogoro. Kususia kunakofanywa na mlaji peke yake, bila mkulima kuulizwa, kunaweza kumwumiza mtu yuleyule tunayemhurumia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, muswada uliowasilishwa Marekani wa kuzuia bidhaa zilizotengenezwa na watoto uliwatia hofu wenye viwanda vya nguo nchini Bangladesh, wakawafukuza watoto wapatao 50,000. UNICEF lilieleza baadaye kwamba wengi wa watoto hao waliishia katika kazi za hatari zaidi, ikiwemo kuponda mawe na ukahaba. Zilikuwa nguo, lakini kanuni ni hiyohiyo kwenye kakao: familia inayopoteza mnunuzi haipeleki watoto shuleni kwa sababu hiyo.

Kuhusu ahadi na nembo, ninapima kwa kuangalia nani anaweza kumshtaki nani ahadi ikivunjwa. Septemba 2001 makampuni makubwa ya chokoleti yalisaini itifaki ya kukomesha aina mbaya zaidi za ajira ya watoto kwenye kakao ifikapo mwaka 2005. Tarehe ikasogezwa, ikasogezwa tena, na mwaka 2010 lengo likapunguzwa kuwa asilimia 70 ifikapo mwaka 2020. Hakuna aliyeadhibiwa, kwa sababu itifaki haikuwa na adhabu. Nembo zilizo bora humhakikishia mkulima bei ambayo mnunuzi haruhusiwi kushuka chini yake, pamoja na nyongeza inayoamuliwa na ushirika wake, na hilo ni jambo la maana ambalo sitalidharau. Lakini mkulima aliyethibitishwa mara nyingi huuza kwa masharti hayo sehemu tu ya mavuno yake, na iliyobaki huiuza kwa bei ya kawaida. Nunua yenye nembo ukiweza, na usiamini kwamba umemaliza kazi.

Panapobanwa kisheria, mambo husogea. Ujerumani ilitunga sheria mwaka 2021, ikaanza kutumika mwaka 2023, inayoyataka makampuni makubwa kuchunguza ukiukaji wa haki kwa wale wanaoyauzia bidhaa. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2019, uliwakataza wanunuzi wakubwa kuchelewesha malipo ya mazao yanayoharibika kwa zaidi ya siku 30 au kuyafuta maagizo ghafla, na mwaka 2024 ukapitisha agizo pana zaidi kuhusu wajibu wa makampuni, ambalo utekelezaji wake uliahirishwa mwaka uliofuata baada ya makampuni kulalamika. Sauti za raia zilikuwa dhaifu katika mjadala huo wa kuahirisha, na makampuni yalikuwa na wawakilishi wao kila siku mlangoni.

Mwanaushirika

Niongeze kidogo kuhusu kakao. Mwaka 2019 Ghana na Côte d'Ivoire zilikubaliana kudai dola 400 zaidi kwa kila tani, kuanzia msimu wa 2020/21, ili ziende kwa wakulima. Baadhi ya wanunuzi waliilipa huku wakishusha malipo mengine ya ubora waliyozoea kulipa, na faida ikapungua. Hata hivyo, nchi mbili kudai kwa sauti moja ni jambo ambalo wakulima walilisubiri tangu mgawo wa kahawa uvunjike, na ningependa kuona nchi nyingine zikijiunga.

Mkaguzi Mstaafu

Mwanangu Neema, umeuliza mlaji afanye nini, nami nitakujibu kwa jinsi nilivyoona kazi ikifanyika. Manunuzi ya mtu mmoja ni madogo, lakini kila mmoja wetu yumo ndani ya taasisi inayonunua chakula kwa tani: shule, hospitali, chuo, nyumba ya ibada, au mahali pa kazi penye jiko la wafanyakazi. Taasisi hizo huandika zabuni, na zabuni inaweza kuwa na masharti. Omba kuiona. Uliza kama muuzaji anajua shamba mazao yanakotoka, kama wafanyakazi wa pale wana chama walichokichagua wenyewe, na kama kuna njia ya kulalamika isiyopita kwa mnyapara. Uliza pia taasisi yako inamlipa muuzaji baada ya siku ngapi, kwa maana nimekuta mishahara ya vibarua ikicheleweshwa miezi miwili kwa sababu mnunuzi mwenye jina safi mjini hakuwa amelipa.

Na ukaguzi ukifanyika, dai kujua kama ulitangazwa mapema. Mimi nilipokwenda kwa kutoa taarifa, nilikuta vyoo vimepakwa rangi, glavu mpya mikononi, na hakuna mtoto hata mmoja shambani. Nilipokwenda bila taarifa, alfajiri, kabla karani hajaifungua mizani, niliwakuta watoto wapo kwenye mistari pamoja na mama zao.